Chumvi Niliyomtilia Nikolao

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni pa hoteli ya Mama Swalehe, pale Newala: mume wangu Nikolao ananawa mikono, mimi nimeshika tumbo langu la miezi mitano, na harufu ya supu ya mbuzi inatuvuta ndani. Nilisema nitaungama yote. Basi naendelea kuungama.

Kwa aliyekosa gazeti, habari yenyewe ni hii. Niliolewa na mgane. Mke wake wa kwanza aliitwa Ethel, mtu wa Newala, naye alifariki na mimba ya miezi saba tumboni. Nikolao alikuwa mnunuzi wa korosho, miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa kununua na kila mwenye mizani akajiona tajiri. Tulikaa Lisekese, nje kidogo ya Masasi. Na kila Jumamosi, mvua inyeshe jua liwake, mume wangu alinitoa kwenda kula.

Wanawake wa Lisekese waliona nimeukata. Mume gani wa kwetu humchukua mkewe akamkalisha hotelini, akamwita mhudumu, akauliza, "Mke wangu, leo unataka pilau au chipsi?" Nilikuwa nikirudi na harufu ya mishkaki kwenye kanga, na nilipita makusudi mbele ya nyumba zao.

Lakini nyumbani Nikolao hakula chumvi. Hata punje.

"Ni presha," aliniambia wiki ya harusi. "Daktari amenikataza. Wewe tia yako pembeni."

Nikampikia kisamvu chapwa, mbaazi chapwa, samaki mkavu niliyemloweka mara tatu mpaka akawa hana ladha wala harufu. Jumamosi ikifika, mtu huyo huyo mwenye presha anashika kichupa cha chumvi hotelini na kunyunyizia sahani kama anayepanda ufuta.

Siku moja pale Masasi nilitaka kumtilia mimi, kwa mapenzi tu. Aliinyakua sahani mbele yangu mpaka mchuzi ukamwagika mezani.

"Usinitilie wewe," alisema. "Nitajitilia mwenyewe."

Ningeuliza sababu. Mke mwenye akili angeuliza. Mimi nilinuna, na nikinuna huwa sikai bure.

Jumanne moja nilitia punje tano kwenye mboga yake ya nyumbani, na wiki nzima nikatia hizo hizo tano. Jumanne iliyofuata, nikaongeza. Nikapandisha taratibu, kama mtu anayemzoesha mtoto uji mzito, mpaka wiki ya nne chakula chake na changu vikawa sufuria moja. Siku hiyo alikula akamaliza, akalamba vidole, akasema, "Siku hizi mkono wako umekolea."

Nilicheka peke yangu jikoni. Na kuanzia siku ile ile, mimi mwenyewe sikuisikia tena chumvi mdomoni.

Wapo wasomaji walioniandikia kupitia kwa mhariri. Mama mmoja wa Nachingwea anasema mimi ni mchawi na nastahili yaliyonipata. Bwana mmoja wa Ndanda anasema ni mimba tu, mkewe naye aliwahi kuchukia vitunguu. Nawashukuru wote wawili. Mimi pia nilisema ni mimba, na nilisema hivyo kwa wiki sita.

Ila ukweli ni kwamba sikuchukia chakula. Nilitafuna, nikameza, nikaongeza. Pilipili niliisikia, ndimu niliisikia, hata moshi wa kuni niliusikia kwenye ugali. Chumvi tu ndiyo iliyonihama. Nilichota kwenye kiganja nikalamba, ikawa mchanga.

Halafu nikaanza kuona kwamba jikoni siko peke yangu.

Msinielewe vibaya. Sikuona mtu, sikusikia sauti. Ni ile hali ya kuinamia sufuria ukajua kuna mwingine ameinama pembeni yako, anasubiri uonje ili naye ajue ikoje. Nikigeuka, naona ukuta na ungo wangu. Nilikuwa naogopa jikoni kwangu mchana kweupe, kuku wanatembea mlangoni na majirani wanatwanga.

Jumamosi moja kabla ya safari hii ya Newala, tulikuwa sokoni Masasi. Nikolao alisema leo tusikae hotelini, tule kwa kutembea. Tukaanza na mishkaki, tukaenda kwa muuza chipsi, tukamalizia kwa mama mmoja anayechemsha ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo huku kwetu hupikwa na chumvi na watu hugombania ya chini ya chungu.

Nilitafuna mmoja. "Mama, leo umesahau chumvi."

Yule mama akaonja wake. Akakunja uso. "Mwanangu, hii imezidi mpaka naona haya kuuza."

"Basi nipe hiyo ya kuongezea."

Nikanyunyiza, nikatafuna. Nikanyunyiza tena. Yule mama akawa anautazama mkono wangu badala ya kuwahudumia wateja.

Nikolao aliacha kutafuna.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini husikii chumvi, Emilia?"

Sikuwa nimemwambia. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, na jua lenyewe lilikuwa limeshapoa.

"Tangu mimba ilipokua," nikadanganya. "Itapita."

Aliiweka ming'oko yake chini kwenye karatasi, polepole, akajifuta mikono mara mbili.

"Jumamosi ijayo tunakwenda Newala," akasema.

Miezi minane ya ndoa hakuwahi kunipeleka Newala. Tulikula Masasi mpaka wahudumu wakatujua kwa majina, tukala Ndanda, tukala kila mahali penye meza na sahani, lakini Newala hapana. Newala ni kwao Ethel, na kaburi lake liko huko. Basi mimi, mjinga mimi, nilifurahi. Nilisema sasa mume wangu ananitambulisha kwa watu. Nikashona gauni jipya la kupanda nalo mlima.

Sasa tuingie hotelini.

Hoteli ya Mama Swalehe ilikuwa chumba kimoja cha bati, meza nne za mbao, kalenda ya mwaka uliopita, na pipa la maji lenye kufuli. Newala maji ni mali. Anayenawa humiminiwa kikombe kimoja, na yanayodondoka hupokewa kwenye beseni yakanyweshe mchicha.

Nikolao akaninawisha, akanikalisha, akaniagizia supu na chapati mbili. Yeye hakuagiza kitu.

"Huli?"

"Nakuja. Kuna mtu namfuata hapo nyuma ya soko."

Akatoka. Nikavuta kichupa cha chumvi. Nikanyunyiza, nikaonja. Nikanyunyiza tena, nikaonja. Mwisho nikafungua kifuniko na kumimina.

Mkono ukanishika kiwiko. Ni Mama Swalehe mwenyewe, mwanamke mnene, ushungi wa kijani, masizi kwenye shavu. Nilidhani atagombeza kwa chumvi yake, lakini uso wake haukuwa wa kugombeza.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa aibu.

"Marahaba. Wewe ndiye mke mpya wa Nikolao?"

"Ndiye mimi."

"Supu yangu haina chumvi?"

"Haina, mama. Samahani."

Akavuta kiti, akakaa. Saa saba mchana, hoteli ina wateja, mwenye hoteli anakaa na mteja. Nikajua kuna jambo.

"Mtu mwingine aliyekaa hapo ulipokaa akamimina hivyo hivyo alikuwa Ethel," akasema. "Ndiyo mara yake ya kwanza na ya mwisho kukaa kwenye kiti changu. Wiki mbili baadaye niliwapikia watu wa matanga yake."

Nikakiachia kichupa cha chumvi.

"Alikuja na Nikolao?"

Akacheka, kicheko kibaya. "Nikolao? Amlete mkewe hotelini? Huyo alikuwa akisema mwanamke akizoea hoteli atasahau kinu. Ethel alikuwa akisimama pale dirishani, penye jiko la mishkaki. Hanunui. Ananiambia, 'Mama Swalehe, niache ninuse tu.' Mimba inataka nyama, mume hataki. Siku ile nikamwonea huruma, nikamvuta ndani, nikampa bakuli la supu. Akamaliza chumvi ya kichupa kizima, akaniuliza mbona haikolei."

Niliitazama supu yangu. Chumvi ilikuwa imezama yote, hakuna kilichobaki juu.

"Na Nikolao alikuwa wapi?"

"Masasi, kwenye korosho zake. Ujumbe wa msiba ulimkuta hotelini, yuko na sahani ya pilau. Aliyempelekea ndiye aliyetuambia. Alisikiliza, akasema sawa, kisha akamaliza sahani. Akafika hapa kaburi limeshafukiwa, na mafuta ya pilau bado yako kwenye vidole." Akajifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Ndiyo maana Mzee Cecil, mjomba wake Ethel, akamnyima chumvi."

"Chumvi gani?"

Mama Swalehe alinitazama kama mtu anayegundua ameingia chumba asichokaribishwa.

"Hukuambiwa?"

"Niliambiwa ni presha."

"Presha!" Akapiga meza kwa kiganja, mteja mmoja akageuka. Akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Watu wa ukoo wa Ethel wana jambo lao. Mume akifiwa na binti yao, hali chumvi ya jiko la nyumbani mpaka mjomba wa marehemu amlishe tonge la chumvi kwa mkono wake. Kwa wengine ni siku arobaini tu, analishwa, anafunguliwa, anaoa. Ila kwa Nikolao, Mzee Cecil alikataa. Alisema mbele ya watu wote, aliyemaliza sahani akae chapwa mpaka nitakapomwita mwenyewe. Huu ni mwaka wa tatu."

"Lakini hotelini anakula chumvi. Tena nyingi."

"Hotelini jiko si lake. Chumvi ya hotelini ni ya kila mtu, haina mwenyewe. Hapo hajavunja kitu."

Jumamosi zangu zote zilinipita machoni. Pilau ya Masasi. Kuku wa Ndanda. Chipsi mayai tuliyokula kwa uma mmoja huku tunacheka, na wanawake wa Lisekese wakinitazama nikishuka garini. Kumbe mume wangu hakuwa ananitoa. Alikuwa na njaa ya chumvi, na mimi nilikuwa mtu wa kumjazia kiti cha pili. Iliniuma, siwafichi. Iliniuma kabla hata sijaogopa.

Kisha nikaogopa.

"Mama Swalehe, na mke akimtilia chumvi nyumbani, kabla ya mjomba?"

Akanitazama usoni. Akashuka mpaka tumboni. Akarudi usoni.

"Umemtilia?"

"Nauliza tu."

"Wenyewe husema mwanamke huyo amejikalisha mahali pa marehemu. Lililompata marehemu linamtafuta yeye. Na mjomba akija kumlisha mume bila kujua, mume anatoka, kafunguliwa. Mwanamke anabaki ndani ya kifungo." Alinyanyuka, akaniwekea mkono begani. "Dawa yake ni moja. Aseme. Aseme kabla tonge halijaingia mdomoni mwa mume. Likishamezwa, hakuna tena wa kumwambia."

"Mimi ni mtoto wa kanisa," nikasema. "Baba yangu ni mwalimu wa kanisa kule karibu na Chidya. Sisi hatuyafuati mambo hayo."

"Sawa, mwanangu." Akanisogezea bakuli. "Basi kunywa. Imekolea?"

Sikunywa.

Nje baiskeli ikaegemezwa ukutani. Ilikuwa na madumu mawili ya maji nyuma, na aliyeishika alikuwa mzee mrefu, mkavu, amevaa koti la suti juu ya shati lililoisha kola. Nikolao alimfuata nyuma, kichwa chini.

"Emilia," akasema, "huyu ni Mzee Cecil, mjomba wa marehemu. Msalimie."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Masasi?"

"Nzuri, mjomba."

Alilitazama tumbo langu muda mrefu. Hakuwa na macho mabaya, na hilo ndilo lililonitisha. Yalikuwa macho ya mtu anayekuonea huruma kwa jambo ambalo bado hajakwambia.

Wateja wakaacha kula. Mji ni mdogo. Kila mtu alimjua mzee, na kila mtu alijua Nikolao anakaa chapwa. Mimi pekee ndiye niliyekuwa mgeni wa habari za mume wangu.

"Mama Swalehe," mzee akasema, "nisongee ugali wa muhogo, wa mtu mmoja. Na kisamvu, usitie kitu."

Akakaa mbele ya Nikolao.

"Kwangu hukanyagi bado," akamwambia. "Sahani uliimalizia hotelini, na hili tutalimalizia hotelini. Ila chumvi ni ya nyumbani." Akatoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua mezani. "Imetoka jikoni kwa dada yangu, mama yake Ethel. Leo asubuhi kanipa mwenyewe."

Chumvi ya mawe, ya kijivu, kiasi cha kiganja cha mtoto. Niliitazama nikajua kwamba hata nikiijaza mdomoni nitasikia mchanga.

"Mjomba, nashukuru," Nikolao akasema.

"Usinishukuru. Miaka mitatu hukutuma mtu hata mmoja kuniomba. Wiki hii moja umenitumia watatu. Nimekuja nione kinachokukimbiza."

Ugali ukaletwa, na mvuke wake. Mzee alinawa, akakata tonge, akaliviringisha, akalichovya kwenye kisamvu, kisha akaligusisha kwenye ile chumvi pande zote. Akalinyanyua usawa wa mdomo wa Nikolao. Maji yalisikika yakidondoka kwenye beseni.

"Nakuuliza mara tatu. Tangu mwanangu Ethel alale, kuna jiko lililokulisha chumvi?"

"Hakuna, mjomba."

Alijibu haraka, bila kusita, na moyo wangu ukamhurumia. Nilijisemea, maskini, hajui. Anajibu kwa haki, na mimi ndiye niliyemfanya mwongo.

"Nakuuliza mara ya pili. Kuna jiko lililokulisha chumvi?"

"Hakuna."

Msomaji, wewe uliyekaa na gazeti lako unaweza kusema ningefanya hivi au vile. Mimi nilikuwa pale. Nikisema, nimeaibisha mume mbele ya wakwe zake, na mwanamume wa namna ile harudi na wewe Lisekese; nitarudi kwa baba na tumbo na gauni jipya. Nisiposema, anafunguliwa, tunarudi nyumbani tukiwa tumeshikana mikono, na kila siku naonja mchanga mpaka mwezi wa saba ufike.

Na pale mezani, juu ya bakuli langu la supu, nilijua yule mwingine ameinama tena pembeni yangu. Safari hii niliogopa hata kugeuka. Nilijua anasubiri nini. Alikuwa anasubiri nionje nimwambie ikoje, kwa sababu yeye hakuwahi kupata jibu.

"Nakuuliza mara ya tatu..."

"Mjomba, ngoja."

Sikumbuki kusimama, lakini nilikuwa nimesimama.

"Ni mimi. Nimemlisha mimi, jikoni kwangu, wiki ya kumi hii. Nilianza na punje tano Jumanne, nikawa naongeza. Sikujua habari za chumvi wala za tonge. Nilikuwa nimenuna tu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mungu wangu." Mama Swalehe akafumba macho.

Mzee Cecil hakushtuka. Alilishusha tonge taratibu mpaka mkono ukatua mezani, lakini hakuliweka chini.

"Na yeye alijua?"

"Hakujua, mjomba. Nilimwibia. Nilipandisha kidogo kidogo ili asijue. Kosa ni langu peke yangu, usimhukumu."

Nilimtetea. Nataka mjue hivyo. Hata pale, nilimtetea.

Mzee akamgeukia. "Nikolao. Mtu aliyekaa miaka mitatu na mboga chapwa, punje tano zitampita?"

Nikolao alikuwa akiutazama ugali.

"Nilijua Jumanne ile ile," akasema.

Nilikaa chini.

"Nilijisemea nikikataa atauliza sababu," akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine. "Halafu nikasema, pengine ndiyo njia. Pengine imekwisha yenyewe, mjomba, maana sikuumwa. Nikala. Ilikuwa tamu, mjomba. Hujui ilivyokuwa tamu."

"Na ulipoona yeye haisikii tena?"

"Ndipo nikajua haijakwisha. Imehamia kwake."

"Ukaja mbio nikulishe."

"Ndiyo."

"Na nilipokuuliza mara mbili, ukaniambia hakuna."

Mimi nilikumbuka Masasi, Nikolao alivyoinyakua sahani hata mchuzi ukamwagika. Hotelini, mbele za watu, alinizuia. Nyumbani, tukiwa wawili, alilamba vidole.

"Nikolao," nikasema, "ungelimeza?"

Hakunitazama.

"Emilia," akasema, "mimi nimechoka."

Maneno matatu tu. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na kuna siku bado nayasikia nikiwa nakosha vyombo.

Mzee Cecil alisema maneno kwa Chimakonde, polepole, bila kutuelekea sisi. Nadhani alikuwa akisema na Ethel, mpwa wake. Kisha akageuza kiti chake, akanielekea mimi, na tonge likiwa bado mkononi.

"Mwanangu, umesema kabla halijamezwa. Umefanya vizuri. Sasa hili si la Nikolao tena. Umekaa mahali pa Ethel bila kukaribishwa. Mimi naweza kukukaribisha. Ule kwa mkono wangu, hapa, mbele ya watu, tukuite Ethel, uwe binti yetu. Linalokutafuta litakukuta una wenyewe, litaondoka."

"Na mtoto?"

"Mtoto hufuata ukoo wa mama. Atakuwa wetu. Atazaliwa hapa Newala, jikoni kwa dada yangu, na hapa ndipo atakapokaa. Dada yangu amemsubiri mjukuu miaka mitatu." Aliliangalia tonge. "Sikufichi, mwanangu. Ukila, unapona, lakini mtoto tunamchukua."

"Na nisipokula?"

"Una miezi mingapi?"

"Mitano."

Alitikisa kichwa tu. Hakuwa na haja ya kunihesabia.

Alilisogeza tonge. Niliuona mkono wake, mishipa imesimama, hautetemeki. Mama Swalehe alinishika bega kwa nyuma. Nilifungua mdomo, sijui kwa kukubali au kwa kutaka kuuliza kitu, na tonge likanigusa mdomo wa chini.

Nikaisikia chumvi.

Wiki sita, msomaji. Wiki sita za mchanga, na sasa chumvi, kali, yenye uchungu kidogo pembeni, ikanijaza mate mdomo mzima hadi machozi yakanitoka. Nilisikia na yule wa pembeni yangu akivuta pumzi. Nilitaka kula tonge, na mkono, na kitambaa.

Ndipo Nikolao aliponyanyua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Kula, Emilia," akasema haraka. "Kula tumalize."

Ilikuwa haraka ya mtu anayetaka kumaliza sahani. Nikaufunga mdomo.

Tonge likabaki limesimama pale, limeegemea midomo yangu, na mzee hakulisukuma wala hakulirudisha. Watu wote walikuwa wananingoja. Chumvi ilikuwa ikiyeyuka taratibu kwenye mdomo wangu wa chini, na mimi nimeung'ata ulimi kwa nguvu zangu zote nisiilambe.